Martin Rinkart: Mchungaji Aliyeshukuru Kabla ya Amani Kuja



Katika kijitabu hiki mna historia ya kwaya yetu, majina ya waliotutangulia na ratiba ya sherehe. Pamoja na hayo, tumeona vyema tuweke maisha ya mtu mmoja aliyefariki karne nyingi zilizopita. Hakuwahi kufika Afrika, lakini wimbo wake umeimbwa katika arusi, ibada za mavuno na sherehe za jubilii katika nchi nyingi. Kwa Kijerumani, lugha aliyoutungia, unaitwa Nun danket alle Gott. Wengi wetu tunaufahamu kutoka vitabu vya nyimbo vya Kiingereza kwa jina la Now Thank We All Our God. Ni wimbo wa shukrani, na mtungaji wake ni Martin Rinkart.

Tumemchagua kwa sababu ya nyakati tulizo nazo. Tangu milango ya makanisa ilipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, hofu imebadilika sura lakini haijatuondokea. Mwezi huu ni karo, mwezi ujao ni kazi iliyokwisha bila taarifa, baadaye ni bili ya hospitali au kijana aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani. Wako wanaojiuliza kama inafaa kufanya sherehe wakati mioyo ya watu ni mizito. Maisha ya Rinkart yanalijibu swali hilo vizuri kuliko hotuba yetu yoyote.

KIJANA WA KWAYA

Martin Rinkart alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1586 katika mji wa Eilenburg, kando ya mto Mulde, katika eneo la Saxony nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza mapipa ya mbao. Haikuwa familia ya wakubwa, lakini kijana alikuwa na sauti na akili ya muziki, na mambo hayo mawili yalimfungulia mlango.

Mwaka wa 1601 alipelekwa katika shule ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Leipzig, ambao hauko mbali na Eilenburg. Shule hiyo iliwapokea wavulana wenye kipaji cha kuimba. Walisoma, na badala yake waliimba katika ibada za makanisa ya mji. Kwa hiyo Rinkart alianza utumishi wake mahali ambapo wengi wetu tulianzia, yaani katika mstari wa wanakwaya, akijifunza kusikiliza sauti ya jirani yake kabla ya kupaza yake. Baadaye alisomea theolojia katika chuo kikuu cha mji huo huo.

Mwaka wa 1610 aliajiriwa kuwa mwalimu na kiongozi wa nyimbo kanisani katika mji wa Eisleben, mahali alipozaliwa na kufia Martin Luther. Alifundisha watoto wakati wa juma na kuongoza uimbaji siku ya Bwana. Mwaka uliofuata akawa shemasi, na mwaka wa 1612 akamwoa Christina Morgenstern. Mwaka wa 1613 alipewa uchungaji wa kijiji cha Erdeborn. Katika miaka hiyo alipenda pia kuandika michezo ya kuigiza juu ya maisha ya Luther, ili watu wa kawaida waifahamu historia ya kanisa lao.

Kisha mwaka wa 1617 mji wake wa kuzaliwa ukamwita arudi kuwa mchungaji. Ulikuwa mwaka wa jubilii, kwa maana makanisa ya Kilutheri yalikuwa yakisherehekea miaka 100 tangu Luther alipoanza matengenezo ya kanisa. Rinkart alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 31, mwenye afya na familia changa. Bila shaka alitazamia kuwahudumia watu wake kwa amani mpaka uzee.

VITA VYA MIAKA THELATHINI

Amani hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Mwaka wa 1618 vita vilianza katika mji wa Prague. Vilianza kama ugomvi wa dini na utawala, vikaenea katika nchi za Ujerumani, na wafalme wa nje wakaingia, kila mmoja na haja zake. Vilidumu miaka 30, na ndiyo sababu wanahistoria wanaviita Vita vya Miaka Thelathini.

Yafaa tuelewe jinsi vita hivyo vilivyomfikia mwananchi. Majeshi ya siku hizo hayakuwa na ghala kubwa la chakula wala mshahara wa hakika. Jeshi lilikula palipokuwa na chakula. Lilipopita, ng'ombe walichukuliwa, nafaka ikamalizwa, na wenye nyumba wakalazimika kuwalaza na kuwalisha askari. Jeshi rafiki lilipita na kula, kisha jeshi adui likaja kutafuta kilichobaki. Pamoja na askari ziliingia pia homa na tauni.

Kulikuwa na jambo jingine lililowachanganya watu. Mwaka wa 1631 mtawala wa Saxony aliungana na Waswidi, ambao walikuwa Walutheri kama watu wake. Mwaka wa 1635 akafanya mapatano na mfalme mkuu wa upande wa pili, na Waswidi wakageuka kuwa maadui. Waliokuwa wakiombewa kanisani kama ndugu sasa walikuwa wakichoma mashamba ya waumini wenzao. Mtu wa kawaida hakujua tena amwogope nani. Huo ndio wasiwasi ulio mgumu kuubeba, kwa sababu ulipolala ukijua jambo moja, uliamka ukakuta limegeuka.

MWAKA WA 1637

Eilenburg ulikuwa mji wenye ukuta. Waswidi walipoingia Saxony mapema mwaka wa 1637, watu wa vijijini walikimbilia ndani ya ukuta huo pamoja na watoto na mifugo yao. Nyumba zilijaa, maji safi yakapungua, na katika msongamano huo tauni ikalipuka.

Wachungaji wa mji hawakuwa wengi. Mmoja aliondoka kwenda mahali pa usalama, wala hakukubali kurudi. Wengine wawili walishikwa na ugonjwa wakafa, na Rinkart akawazika. Ikafika wakati akawa amebaki peke yake. Kulipokucha alikwenda kwa wagonjwa, na kutoka kwa wagonjwa alikwenda makaburini. Kuna siku alizosomea ibada ya maziko watu 40 au hata 50. Mwishowe wafu walikuwa wengi mno, wakazikwa pamoja katika mitaro bila ibada. Kwa jumla, inahesabiwa kwamba Rinkart aliwazika watu zaidi ya 4,000 katika mwaka huo mmoja.

Mwezi wa Mei tauni iliingia nyumbani kwake. Mkewe Christina, aliyekuwa naye kwa miaka 25, alifariki. Mchungaji aliyekuwa akiwafariji wajane na wagane wa mji mzima akawa mmoja wao. Alimzika mkewe, na watu wengine waliendelea kumhitaji.

Tauni ilipopungua, njaa kali ikafuata. Wanaosimulia habari za mji huo wanasema kwamba watu 30 au 40 walionekana barabarani wakigombania paka au kunguru aliyekufa. Rinkart aligawa alichokuwa nacho. Alitoa nafaka na fedha zake kwa waliokuja mlangoni, mpaka ikawa shida kupata chakula na nguo za kuwatosha watu wa nyumba yake. Alilazimika kukopa kwa rehani ya mapato yake ya miaka ya mbele. Wala tusidhani kwamba wakubwa wa mji walimshika mkono. Shukrani aliyoipata kutoka kwao ilikuwa ndogo sana, na madeni yalimsumbua kwa miaka mingi.

SIKU ALIPOKWENDA KWA KAMANDA

Mwaka wa 1639 Waswidi walirudi. Afisa wao aliudai mji ulipe fidia ya thaler 30,000, fedha ambazo mji uliotoka katika tauni na njaa usingeweza kuzipata hata kwa kuuza kila mlango na kila dirisha. Rinkart alikwenda mwenyewe kumsihi afisa apunguze, lakini alikataliwa.

Alirudi mjini akawaambia watu kwamba, ikiwa wanadamu wamekataa kuwahurumia, wamwendee Mungu. Kengele za kanisa zikapigwa. Watu wakakusanyika, wakapiga magoti, wakaomba na kuimba. Hawakuwa na jeshi wala mwombezi mwingine. Habari za ibada hiyo zilimfikia afisa, na mwishowe dai lake likashuka hadi gulden 2,000. Ulikuwa bado mzigo mkubwa kwa watu maskini, lakini ulibebeka, na mji ukasalimika.

Sisi tulio wanakwaya tuitafakari siku hiyo. Watu wale hawakuimba kwa sababu walikuwa wamepata habari njema. Habari waliyokuwa nayo ni kwamba ombi limekataliwa. Waliimba kwanza, na kupunguziwa kukaja baadaye.

WIMBO WA MEZANI

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba Rinkart aliutunga mwaka wa 1648, amani ilipotangazwa. Ni rahisi kuamini hivyo, maana ndivyo sisi tunavyozoea kufanya: tatizo likiisha, ndipo tunaita ibada ya shukrani. Lakini sivyo ilivyokuwa. Wimbo huu unahusishwa na kijitabu chake cha mwaka wa 1636, na ni hakika kwamba mwaka wa 1647 ulikuwa umekwisha kuchapwa pamoja na tuni yake. Vita vilikuwa bado vinaendelea.

Tena haukutungwa kwa ajili ya sherehe kubwa. Rinkart aliuita sala fupi ya mezani. Ulikuwa wa kuimbwa nyumbani, baba, mama na watoto wakiwa wamekizunguka chakula kilichopatikana siku hiyo. Tukikumbuka meza za Ujerumani katika miaka hiyo zilivyokuwa, tutaona uzito wa jambo hilo. Kuna siku ambazo sala ilikuwa ndefu kuliko chakula.

Beti mbili za kwanza zinafuata maneno ya kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50, na ubeti wa tatu unamtukuza Mungu wa Utatu. Ubeti wa kwanza unamshukuru Mungu aliyetutunza tangu tulipokuwa mikononi mwa mama zetu, na unataja kushukuru kwa moyo, kwa kinywa na kwa mikono. Ubeti wa pili unageuka kuwa ombi: unaomba amani, na unaomba kuokolewa na shida. Kwa hiyo wimbo hauyafichi matatizo wala haujifanyi kwamba mambo ni mazuri. Shukrani na kilio vimekaa katika wimbo mmoja, kama vile vilivyokaa katika moyo wa mtungaji.

Aliyeuchapa pamoja na tuni tunayoijua ni Johann Crüger, kiongozi wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi mjini Berlin. Naye pia hakuwa mtu aliyetazama tabu kwa mbali. Katika miaka ya tauni alipoteza mke na watoto watano, na yeye mwenyewe alinusurika kidogo tu. Tuni hii, ambayo kwaya huipenda kwa sababu inasimama imara na haina haraka, ilitoka kwa mtu aliyejua kufiwa.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mwezi wa Oktoba mwaka wa 1648. Rinkart aliishi kuyaona, lakini hakuyafurahia kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 8 Desemba 1649 huko Eilenburg, akiwa na umri wa miaka 63. Alikuwa amekaa katika mji huo kama mchungaji kwa miaka 32, na 30 kati ya hiyo ilikuwa ya vita.

WIMBO BAADA YAKE

Wimbo uliendelea na safari. Johann Sebastian Bach, ambaye baadaye aliongoza wavulana wa shule ile ile ya Mtakatifu Thoma, aliutumia katika kantata zake, mojawapo ikiwa ya sikukuu ya Matengenezo ya mwaka wa 1725. Mwaka wa 1840 Felix Mendelssohn aliuingiza katika kazi yake kubwa ya kumsifu Mungu, iliyotungwa kwa ajili ya sherehe ya miaka 400 ya uchapaji. Iliimbwa kwa mara ya kwanza katika kanisa la Mtakatifu Thoma mjini Leipzig. Mahali ambapo mtoto wa fundi mapipa alijifunza kuimba, wimbo wake ulirudi zaidi ya miaka 200 baadaye ukiimbwa na kwaya kubwa na okestra. Mpangilio wa sauti nne uliomo katika vitabu vingi vya nyimbo unatokana na ule wa Mendelssohn. Tafsiri ya Kiingereza iliyoenea zaidi ilitolewa mwaka wa 1858 na Catherine Winkworth, na kwa njia hiyo wimbo ukasafiri hadi katika shule na makanisa ya huku kwetu.

MAFUNZO KWETU SISI

Tumejifunza nini kutoka kwa mchungaji huyu?

Kwanza, shukrani haingoji mambo yanyooke. Kama Rinkart angesubiri vita viishe ndipo ashukuru, angengoja miaka 30, na angebakiwa na mwaka mmoja tu wa kushukuru. Yeye aliiweka shukrani mezani, mahali ambapo mtu hufika kila siku, awe na furaha au huzuni. Pengine ndiyo sababu hakupoteza mwelekeo. Hakuweza kujua Waswidi watarudi lini wala tauni itaisha lini, lakini kila jioni aliweza kutaja jambo moja ambalo Mungu alikuwa amelitenda siku hiyo. Nasi tunaweza kuanzia hapo. Familia inayosali pamoja kabla ya kula, hata kama ni ugali na sukuma wiki kila siku, inafuata desturi iliyombeba mtu huyu katika vita.

Pili, kushukuru si kuficha machozi. Kati yetu wako waliozika wazazi, wake, waume na watoto. Wako wanaovaa sare ya kwaya Jumapili huku hawajui watalipa kodi ya nyumba vipi. Tusiwaambie wanyamaze kwa sababu ni jubilii. Ubeti wa shukrani na ubeti wa ombi ni wa wimbo mmoja, na kanisa lina nafasi ya yote mawili. Siku ambayo mwenzetu wa alto au besi amefungwa na huzuni asiweze kufungua kinywa, sisi wengine tumwimbie mpaka nguvu zake zirudi. Hiyo ni faida mojawapo ya kuwa kwaya.

Tatu, mikono iende na kinywa. Rinkart hakuishia kuimba. Alizika, aligawa chakula, alikwenda kwa kamanda kuwaombea watu wake. Mtu mwenye wasiwasi akikaa peke yake, wasiwasi humea. Akiamka akampelekea jirani mgonjwa uji, ana kazi ya kufanya saa hiyo, na moyo hupata mahali pa kutua. Tunawashukuru wanakwaya ambao kwa miaka yote hii wamechanga kwa ajili ya maziko, wamekesha hospitalini na wenzao na kuwapikia waliojifungua. Kazi hiyo haionekani katika kanda wala video zetu, lakini ni sehemu ya uimbaji wetu.

Mwisho, tuseme neno na vijana wetu. Mnaingia katika dunia ambayo hata wazee wenu hawawezi kuwaeleza itakavyokuwa baada ya miaka kumi. Rinkart naye alirudi nyumbani mwaka wa jubilii bila kujua yaliyokuwa yanakuja. Hakupewa ramani ya miaka hiyo. Alipewa kanisa, wimbo, meza na watu wa kuwatumikia, akavishika mpaka mwisho. Ninyi pia mmepewa hivyo vyote.

Kwa hiyo tunapoimba leo, tukijua kwamba kesho ni Jumatatu na matatizo yetu yatakuwa yakitungoja, tuimbe bila kuona haya. Tunaye Mungu yule yule aliyemlinda mchungaji wa Eilenburg. Awape amani wenye hofu, awafariji waliofiwa, awape kazi wasio na kazi, na ailinde kwaya hii kwa watoto wetu watakaokuja kuadhimisha jubilii ijayo. Amina.